Kumfundisha mtumiaji mpya hadubini ya pamoja: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa maabara Dar es Salaam

Hadubini ya pamoja ni nadra kuvunjwa na mtu mmoja mwenye mkono mzito. Huharibika kidogo kidogo. Leo limeachwa tone la mafuta kwenye lenzi ya 40 (inayokuza mara 40), kesho kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, imeshushwa na haikurudishwa, keshokutwa taa imewashwa ingali ya moto. Mwisho wake picha za kila mtu zina ukungu, na hakuna ajuaye ulianza lini. Ndiyo maana mafunzo ya mtumiaji mpya yana kipimo kimoja: atakayekaa kwenye kiti hicho baada yake atakuta chombo kiko tayari? Kupata picha nzuri ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia hadubini chuoni, hospitali ya rufaa au taasisi ya utafiti hapa Dar, ambako chombo kimoja hutumiwa wiki hiyo hiyo na watu wa malaria, wa kifua kikuu, wa mimea, na wanafunzi wa uzamili waliobakiwa na mwezi mmoja wa kuwasilisha tasnifu.

Mazungumzo kabla ya funguo

Usimpangie mtu siku ya mafunzo kabla hujakaa naye robo saa. Muulize sampuli yake ni nini, anataka kuona kitu cha ukubwa gani, ametumia rangi gani, na picha atazitumia kwa hesabu au kwa maonyesho tu.

Swali la ukubwa ndilo linalookoa muda mwingi. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa mikromita 110 hadi 170, hivyo lenzi ya 10 inalitosha kabisa. Kimelea cha malaria kinakaa ndani ya seli nyekundu ambayo upana wake wote ni kama mikromita 7 au 8, kwa hiyo hapo hakuna ujanja, ni lenzi ya 100 na mafuta. Wengi huja wakiomba konfokali, hadubini ya leza inayopiga picha tabaka kwa tabaka, kwa sababu wameisikia kwenye semina, ilhali sampuli yao ni kipande chembamba kilichotiwa rangi ya kawaida. Wakatalie kwa upole na uwapeleke kwenye chombo kinachowafaa. Saa ya konfokali iliyotumiwa bure ni saa aliyonyimwa mwingine.

Swali la rangi za fluoresensi, yaani zinazong'aa zikimulikwa, lijibiwe kwa namba. DAPI, rangi ya DNA, husisimuliwa na mwanga wa nanomita 358 hivi na kutoa wa 461; GFP, protini inayong'aa kijani, husisimuliwa na 488 na kutoa wa 509 au karibu na hapo. Linganisha namba hizo na filta zilizomo kwenye hadubini yako kabla mtu hajatumia fedha kununua kingamwili. Bandika orodha ya filta mlangoni, nje ya chumba, ili isomwe hata siku usipokuwepo.

Kisha uliza kuhusu kava slipu, kile kioo chembamba kinachofunika sampuli. Karibu lenzi zote za hadubini ya kibaiolojia zimetengenezwa kwa kioo cha unene wa milimita 0.17, ambacho kwenye boksi huandikwa 1.5. Boksi lililoandikwa 1 lina vioo vya milimita 0.13 hadi 0.16. Kwenye lenzi ya 10 hutaona tofauti. Kwenye lenzi ya 40 isiyotumia mafuta tofauti inaonekana, na mtumiaji atadhani hadubini ni mbovu. Kama kingo zimezibwa kwa rangi ya kucha, iwe imekauka kabisa. Iliyo mbichi huhamia kwenye lenzi na kuitoa ni balaa.

Mwisho, usalama. Slaidi ya makohozi iingie chumbani ikiwa imekaushwa, imepitishwa motoni na kutiwa rangi, si vinginevyo. Kwa seli hai kwenye hadubini iliyogeuzwa, ambayo lenzi zake ziko chini ya sampuli, kisahani cha milimita 35 kisizidi mililita 2 za kimiminika. Kikimwagika, maji yenye chumvi huingia moja kwa moja ndani ya lenzi. Glovu zivuliwe kabla ya kugusa kompyuta, skrubu na lenzi za macho. Utaratibu wa "mkono mmoja una glovu" haudumu hata dakika kumi, kwa hiyo usiuruhusu.

Wangapi, na kwa muda gani

Wawili kwa kipindi kimoja, wasizidi. Wa tatu hutazama mabega ya wenzake kisha akaondoka na cheti cha kuhudhuria. Kipindi cha kwanza kiwe cha dakika 90, kwa slaidi ya mkufunzi iliyotiwa rangi vizuri na isiyofifia. Cha pili kifanyike ndani ya wiki moja, kwa sampuli ya mtumiaji mwenyewe. Zikipita wiki tatu, utaanza upya. Cha tatu ni mtihani.

Katika vipindi vyote mkufunzi akae kando, mikono mfukoni. Mkufunzi anayenyoosha mkono kurekebisha fokasi "mara moja tu" amejifundisha mwenyewe. Na swali la "umeelewa?" lifutwe kabisa. Mwanafunzi aliyekuamkia shikamoo mlangoni hatakwambia "hapana" nusu saa baadaye. Sema hivi: "Haya dada, nifanyie tena kuanzia mwanzo, mimi nakaa kimya." Ukimya huo utakuonyesha mengi kuliko jibu lolote la ndiyo.

Madaktari bingwa na maprofesa nao wapitie njia hiyo hiyo. Mwambie Profesa kwamba utaratibu huu umepitishwa na kamati na hauhusu uzoefu wa mtu bali chombo hiki mahususi, kwa sababu skrubu na swichi hutofautiana kati ya modeli na modeli. Wengi hukubali. Asiyekubali atumie fundi wa maabara mwenye kibali.

Umeme kwanza

Anza na umeme kwa sababu hapa kwetu ndiko hasara kubwa ilipo. Mtumiaji ajifunze kusoma stabilaiza, kidhibiti cha volti: umeme wetu ni volti 230, na ikionyesha chini ya 210 au juu ya 250, hakuna kinachowashwa. Baada ya hapo mpangilio ni huu: stabilaiza na UPS (betri ya akiba), kisha taa ya zebaki ya fluoresensi kama ipo, halafu mwili wa hadubini, kamera, kompyuta, na programu mwishoni. Taa ya zebaki hutangulia kwa sababu huwashwa kwa mshtuko mkubwa wa volti ambao unaweza kudhuru kamera na kompyuta zilizokwisha washwa. Watu husahau mpangilio wasioelezwa sababu yake, kwa hiyo itaje.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, dakika za UPS ni za kuhifadhi picha na kufunga programu. Si za kumalizia eneo moja la mwisho la sampuli. Kisha swichi zote zizimwe kwa mkono, hata kama tayari kuko giza, kwa sababu umeme unaporudi, au jenereta inapopokea, volti huruka. Ukirudi, subiri dakika 10 uone kama umetulia.

Taa ya zebaki ina sheria yake. Ikiwashwa ibaki inawaka angalau dakika 30. Ikizimwa ipoe dakika 30 kabla ya kuwashwa tena. Ikiwa ya moto, mvuke wa zebaki ndani yake uko kwenye shinikizo kubwa, na kuilazimisha huiua au hata kuipasua. Ya wati 100 huishi saa 200 hivi, na saa hizo huandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa uzi kwenye kasha la taa. Ikipasuka, watu wote watoke, madirisha yafunguliwe, mlango ufungwe, na mtu asirudi kwa nusu saa. Usizoe vipande kwa fagio wala mashine ya kufyonza vumbi. Mwenye uwezo wa kubadili kwenda LED afanye hivyo. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza LED kwa uchunguzi wa kifua kikuu, na kwa mji unaokatikiwa umeme hoja inazidi nguvu, maana LED huzimwa na kuwashwa muda wowote.

Kukaa na kutazama

Hatua hii huchukua dakika tano na hurukwa na karibu kila mtu. Kiti kipandishwe hadi macho yafikie lenzi bila shingo kukunjwa. Umbali kati ya lenzi mbili za macho urekebishwe hadi duara mbili ziwe moja. Halafu mtumiaji afumbe jicho la kushoto, afokasi kwa skrubu ndogo akitumia la kulia. Kisha afumbe la kulia na azungushe pete ya lenzi ya kushoto, bila kugusa skrubu, hadi picha iwe kali. Kama pete iko upande wa kulia, ageuze utaratibu. Anayelalamika kuumwa kichwa baada ya nusu saa kwa kawaida hakufanya hivi.

Mwenye miwani ya astigmatizimu aivae. Wa miwani ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua, fokasi itamfidia.

Mwanga wa Köhler

August Köhler, Mjerumani, alieleza njia hii mwaka 1893 na hadi leo ndiyo inayotenganisha picha safi na picha ya kubahatisha. Mtumiaji aifanye mara tatu mfululizo, na kila mara mkufunzi avuruge kila kitu kwanza.

1. Weka slaidi, chagua lenzi ya 10, fokasi hadi sampuli ionekane kwa ukali.
2. Fungua daiframu (tundu la kupunguza mwanga) zote mbili, ya chini kwenye chanzo cha mwanga na ya kondensa. Pandisha kondensa hadi mwisho wake wa juu.
3. Funga daiframu ya chini hadi uone duara dogo la mwanga lenye kingo za pembe pembe.
4. Shusha kondensa polepole hadi kingo hizo ziwe kali. Kwa kawaida ni mwendo wa milimita moja au mbili tu.
5. Kwa skrubu mbili za kondensa, sogeza duara katikati.
6. Fungua daiframu ya chini hadi kingo zitoke tu nje ya eneo unaloliona. Usizidishe.
7. Chomoa lenzi moja ya macho, chungulia ndani ya bomba, na ufunge daiframu ya kondensa hadi mwanga ujaze kama robo tatu ya duara. Rudisha lenzi.

Hatua ya 4 ndiyo inayokwamisha. Kingo zisipoonekana kabisa, ama kondensa iko chini mno, ama kipande chake cha juu kimegeuziwa pembeni, ama mtumiaji hajafokasi sampuli kwanza. Hilo la tatu ndilo la kawaida.

Hatua ya 7 ndiyo inayokiukwa baadaye. Mtu akiona mwanga mkali, hufunga daiframu ya kondensa au kuishusha kondensa yenyewe. Picha hugeuka nyeusi-nyeusi yenye mistari mikali pembeni mwa kila seli, naye huipenda, hudhani imekuwa safi. Kumbe amepoteza undani. Uwezo wa kutenganisha nukta mbili hutegemea pembe ya mwanga unaoingia kwenye lenzi, ile namba iliyoandikwa baada ya ukuzaji, kwa mfano 40/0.65 au 100/1.25. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi ya 1.25 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nanomita 270 hivi, ya 0.65 inahitaji zaidi ya 500. Funga daiframu, na lenzi ya bei kubwa hufanya kazi ya lenzi ya bei ndogo. Mwanga ukizidi, punguza taa.

Madoa pia yafundishwe hapa. Zungusha lenzi ya macho: doa likizunguka, liko kwenye lenzi ya macho. Sogeza slaidi: likisogea, liko kwenye slaidi. Badilisha lenzi kutoka 10 kwenda 20: likitoweka, liko kwenye lenzi ya 10. Likibaki popote ulipo lakini huonekana kwenye skrini tu, liko kwenye kamera, na hapo mtumiaji asiguse kitu, amwite msimamizi.

Mafuta

Ukipewa saa moja tu ya kufundisha, itumie yote hapa. Uharibifu mwingi wa lenzi kwenye maabara za pamoja unatokana na mafuta, na karibu wote unatokea katika sekunde moja: kuzungusha kutoka lenzi ya 100 kurudi ya 40.

Mtumiaji aelewe kwanza kwa nini mafuta yapo. Mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na mwingine kupotea. Mafuta ya hadubini hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, kipimo chake cha kupinda kikiwa kama 1.515, hivyo mwanga husafiri kana kwamba hakuna mpaka. Hewani, bila mafuta, hakuna lenzi ambayo ile namba yake ya pembe ya mwanga inaweza kufikia hata 1.0. Kutumia lenzi ya 100 bila mafuta, kwa hofu ya kuchafua, ni sawa na kutokuitumia.

Lenzi ya 100 hukaa kama milimita 0.15 tu juu ya slaidi. Ya 40 hukaa karibu milimita 0.6, na tone la mafuta lina kimo kikubwa kuliko hicho. Basi ukizungusha kurudi ya 40 mafuta yakiwa bado kwenye slaidi, lenzi hiyo kavu inaoga. Mafuta huganda pembezoni mwa kioo, huvuta vumbi, na kwa muda hupenya kwenye gundi inayoshika kioo. Hapo lenzi huwa ya kutupwa.

Utaratibu ni huu. Tafuta eneo lako kwa lenzi ya 10. Kwa slaidi yenye kava slipu, hakikisha kwa ya 40. Zungusha kigurudumu kinachoshika lenzi nusu, kati ya 40 na 100, ili slaidi iwe wazi. Weka tone moja. Malizia kuzungusha hadi 100, ukiangalia kwa pembeni lenzi ikigusa tone. Kuanzia hapo ni skrubu ndogo tu. Skrubu kubwa ikiguswa ukiwa kwenye 100, slaidi huvunjika au kioo cha mbele cha lenzi hukwaruzwa. Ukimaliza, rudi kwa kupitia upande wa lenzi ya 4 au ya 10, kamwe si upande wa 40. Ukitaka kuangalia tena kwa 40, toa slaidi, ifute, anza upya.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu wa malaria. Slaidi ya damu isiyo na kava slipu haitaonekana vizuri kwa lenzi ya 40, hata ikiwa safi kabisa, kwa sababu lenzi hiyo inategemea kile kioo cha milimita 0.17. Mtumiaji asipojua hili ataanza kufuta lenzi isiyo na kosa, na kila kufuta kusikokuwa na sababu ni mkwaruzo mdogo. Kwa slaidi hizo aende moja kwa moja kutoka 10 hadi 100.

Kufuta kunafuata mpangilio. Karatasi ya lenzi kavu kwanza, iguse mafuta na kuyanyonya, bila kusugua. Karatasi ya pili, kavu tena. Ya tatu iwe na unyevu kidogo wa kisafishio cha lenzi, na ipite mara moja kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko. Ya nne kavu. Kisafishio kiwe kile kilichoidhinishwa na mtengenezaji. Mchanganyiko wa etha na ethanoli unafaa kwa kiasi kidogo sana, chumba kikiwa na hewa na mbali na moto. Zailini hairuhusiwi, inayeyusha gundi. Tishu za chooni, pamba ya dukani, pindo la koti la maabara na pumzi ya mdomo navyo haviruhusiwi. Tishu ina nyuzi za mbao. Huacha mikwaruzo ambayo mtu haoni hadi mwaka upite.

Usinunue mafuta ya mwerezi hata kama duka la vifaa linayauza kwa bei nafuu. Hukauka yakawa kama gundi. Na usichanganye chapa mbili za mafuta kwenye slaidi moja, maana mara nyingine hugeuka maziwa.

Baada ya kila kipindi mkufunzi akague lenzi ya 40 mbele ya mtumiaji. Huhitaji kifaa maalumu: chomoa lenzi moja ya macho, igeuze juu chini, iweke karibu na ncha ya lenzi ya 40 na uchungulie. Mafuta huonekana kama upinde wa mvua. Mtumiaji akiisha kuona mafuta yake mwenyewe kwa njia hii, ni nadra kurudia.

Fluoresensi na konfokali

Kwenye fluoresensi adui ni mwanga wenyewe. Kila sekunde ya mwanga mkali hufifisha rangi, na kilichofifia hakirudi. Fundisha tabia moja: mkono mmoja usitoke kwenye kilango cha mwanga. Tafuta eneo kwa mwanga wa kawaida, fungua kilango, fokasi, piga picha, funga. Mtumiaji anayezungumza nawe huku kilango kiko wazi hajaelewa. Ngao ya rangi ya chungwa iwe mahali pake kila wakati, kwa sababu mwanga wa ultravaioleti unadhuru macho.

Kabla ya picha ya kwanza, mtumiaji aweke sampuli isiyotiwa rangi. Tishu za mimea na baadhi ya chembe za damu hung'aa zenyewe. Asiyejua hilo ataandika matokeo ya mng'ao wa klorofili akidhani ni protini yake. Muda wa kamera uwekwe kwa sampuli inayong'aa kuliko zote, kisha ubaki huo huo kwa zote atakazozilinganisha. Histogramu, grafu ya mwangaza wa pikseli, isiguse ukuta wa kulia: kwa picha ya biti 12 ukuta ni 4095, na pikseli iliyofika hapo haina tena habari, imejaa tu.

Konfokali isifundishwe kwa aliyekosa kufaulu fluoresensi ya kawaida. Mengine ni mafupi: nguvu ya leza ianze chini kabisa na ipandishwe kidogo kidogo, kitundu kinachozuia mwanga usio wa fokasi kiwekwe kwenye 1 ya kipimo cha Airy (upana wa nukta ya mwanga), rangi zinazoonyesha kujaa ziwe zimewashwa kwenye skrini, na leza ya gesi ikizimwa kwa funguo feni yake iachwe ifanye kazi hadi isimame yenyewe. Anayezima ukutani ili awahi daladala anafupisha maisha ya bomba la bei ya gari.

Unyevu, joto na kiyoyozi

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika huzidi. Fangasi huota kwenye lenzi kama utando wa nyuzi nyeupe na hula tabaka la juu la kioo. Kwa hiyo sehemu ya mafunzo ni kusoma kipima unyevu ukutani: kati ya asilimia 40 na 60 kazi iendelee, ikikaa juu ya 65, mtumiaji aandike kwenye daftari na kumjulisha msimamizi siku hiyo hiyo.

Kosa la kawaida ni kuzima kiyoyozi jioni kwa kubana matumizi. Usiku joto na unyevu hupanda, na mvuke hutua kama matone ya maji kwenye vioo ambavyo bado ni baridi. Heri nyuzi 24 usiku na mchana. Kama umeme hauruhusu, lenzi za akiba na za thamani zikae kwenye kabati lililofungwa lenye silika jeli. Ile ya bluu ikigeuka waridi, ikaushwe kwenye oveni ya maabara, nyuzi 120, kwa saa chache, na irudishwe.

Mfuniko wa plastiki uwekwe tu baada ya taa kupoa. Ukifunika chombo cha moto unafungia unyevu ndani, tena plastiki inaweza kuyeyukia kwenye kasha la taa. Majengo yaliyo jirani na barabara za malori, kama ya Mandela, yana tatizo la ziada la mtetemo. Picha za ukuzaji mkubwa hapo zipangiwe saa za usiku.

Picha ziende wapi

Flashi ni marufuku kwenye kompyuta ya hadubini. Kirusi kimoja hufunga programu ya kamera, na leseni yake kurejeshwa huweza kuchukua wiki. Picha zihamishwe kwa mtandao wa ndani kwenda kwenye kompyuta nyingine, na kutoka hapo mtu achukue apendavyo. Mtumiaji ahifadhi faili katika muundo asilia wa programu, kwa sababu humo mna ukuzaji, muda wa kamera na ukubwa wa pikseli. JPEG ni ya kutuma WhatsApp, si ya kupima. Jina la folda lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Tangazo la kufuta faili zenye zaidi ya siku 30 lisomwe na kutiwa saini siku ya mafunzo, vinginevyo utalaumiwa.

Kuondoka

Kwanza mtumiaji atazame ratiba. Kama kuna mtu ndani ya saa mbili zijazo, taa ya zebaki na kompyuta vibaki vinawaka, na ampigie huyo mtu kuthibitisha anakuja. Kama hakuna, afanye hivi: punguza mwanga hadi mwisho, zungusha hadi lenzi ya 4 au 10, shusha jukwaa, toa slaidi, futa lenzi ya 100, futa jukwaa, funga programu, kompyuta, kamera, hadubini, taa, UPS. Kisha daftari: jina, saa ya kuingia na kutoka, lenzi alizotumia, saa za taa, na kasoro yoyote.

Safu ya kasoro ndiyo yenye thamani. Itajazwa tu kama anayeandika haadhibiwi. Weka kanuni wazi: aliyeharibu akasema siku hiyo hiyo halipi wala hafungiwi, aliyeficha anafungiwa. Faini ya kila kosa huzaa daftari safi na lenzi chafu.

Mtihani

Dakika 30, mtu mmoja mmoja. Kabla hajaingia, mkufunzi apange hitilafu tano: kondensa imeshushwa, daiframu ya chini imefungwa na kusogezwa pembeni, filta isiyo sahihi iko kwenye njia ya mwanga, pete ya lenzi ya macho imezungushwa, na slaidi imewekwa juu chini. Hii ya mwisho ni tamu: kwa lenzi ya 10 kila kitu huonekana sawa, kwa ya 40 haifokasi kabisa, kwa sababu kati yake na sampuli kuna kioo cha milimita moja. Asiyejua ataendelea kuisukuma lenzi hadi igonge. Mzuie kabla ya hapo, na amefeli.

Afanye Köhler, apate picha kwa lenzi ya 100, aihifadhi na kipimo chake, azime. Mambo matatu humfelisha hata kama mengine yote ni sahihi: mafuta kwenye lenzi ya 40, skrubu kubwa kuguswa akiwa kwenye 100, na kuwasha taa ya zebaki kabla haijapoa. Aliyefeli arudi baada ya siku mbili, bila maneno mengi.

Aliyefaulu apewe kwanza kibali cha saa za kazi, msimamizi akiwa jengoni. Baada ya matumizi matano yasiyo na kasoro kwenye daftari, apewe jioni na Jumamosi. Kibali ni cha mtu na chombo hicho hicho. Hakiazimishwi kwa mwenzake wa mradi, na nenosiri lililokopeshwa hufungwa kwa wote wawili. Asiyegusa hadubini kwa miezi mitatu arudie mtihani wa hitilafu tu.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi apitie safu ya kasoro na kuhesabu zinazojirudia. Kasoro moja ikitokea kwa watu watatu tofauti, rekebisha kipindi cha kwanza cha mafunzo kabla ya kumwita yeyote ofisini.